Tumbo Linakwenda Buyangu

Jescah aliitoa habari hiyo mumewe akiwa na tonge la ugali mkononi. Katika miaka yao ya ndoa alikuwa amejifunza kwamba mtu mwenye tonge mkononi habishi sana.

"Jumamosi tunakwenda Buyangu," alisema. "Kule msituni. Tunapigwa picha."

"Picha za nini?"

"Za tumbo."

Bramwel alilitazama tumbo lenyewe. Lilikuwa limeingia mwezi wa nane, na siku hizo lilikuwa likifika mezani kabla ya mwenyewe. Akalirudisha tonge kwenye sahani.

"Tumbo si liko hapa? Mimi naliona kila siku."

"Mtoto hajaliona."

"Mtoto yuko ndani yake, Jescah. Nani analijua hilo tumbo kuliko yeye?"

Shantel, mdogo wake Jescah, aliyekuwa amekuja kula kwao kama alivyozoea kila Jumapili baada ya kanisa, alicheka hadi akapaliwa na sukuma wiki. Yeye alikuwa msusi katika saluni moja mjini Kakamega, na wazo lote lilikuwa lake. Akina mama wajawazito walikuwa wakija kwake kusukwa kabla ya kupigwa picha za namna hiyo, kisha wanarudi kumwonyesha kwenye simu: mama amevaa gauni la kuburura, baba amesimama nyuma, wote wawili wanalitazama tumbo kana kwamba limesema jambo. Sasa Shantel alikuwa na dada mwenye tumbo zuri, la mviringo, si lile la kwenda upande, na aliona ni dhambi kuliacha lipite hivi hivi.

Kikwazo kilikuwa Bramwel. Alikuwa daktari wa mifugo, na kila asubuhi alitoka nyumbani kwao Amalemba kwa pikipiki kwenda kuzunguka vijiji vya Iguhu, akitibu ng'ombe wa watu. Huko alipendwa sana. Alikuwa mtu mpole mwenye uso wa kupendeza na masharubu yaliyotunzwa vizuri. Lakini uso huohuo ukiiona kamera, ulijifunga kama kibanda kilichosikia askari wa kanjo wanakuja. Katika picha zote za harusi yao alisimama wima, macho yametoka, mikono imekaza kando. Mgeni mmoja aliwahi kuiangalia picha iliyokuwa ukutani akauliza kwa upole ilikuwa mazishi ya nani.

"Shem, hakuna shida," alisema Shantel, akijifuta machozi ya kupaliwa. "Kama unaogopa kamera, kaa nyumbani. Tutamwomba Oliver wa kwaya asimame mahali pako. Ana meno mazuri."

"Oliver yupi?"

"Yule anayeimbanga sauti ya tatu."

"Namjua. Kwa nini yeye ashike tumbo la bibi yangu?"

"Hatalishika sana. Kidogo tu, kwa sababu ya picha."

Bramwel aliliokota tonge lake, akalichovya kwenye mchuzi, akalitafuna kwa muda mrefu kuliko tonge lolote linavyohitaji.

"Jumamosi saa ngapi?" akauliza.

Jioni moja katikati ya wiki, Shantel alikuja kuwafanyisha mazoezi. Alisukuma viti ukutani, akawasimamisha katikati ya sebule, Jescah mbele, Bramwel nyuma.

"Shem, zungusha mikono. Sasa weka viganja juu ya tumbo, polepole."

Bramwel akaweka viganja. Lakini viganja vile vilikuwa na mazoea yao. Kabla mwenyewe hajafikiri, vidole vilikuwa vimeanza kubonyeza, huku kidogo, kule kidogo, na macho yake yakawa yametulia mbali kama ya mtu anayesikiliza.

"Amelala vizuri," akasema. "Kichwa kiko chini. Mgongo uko upande huu."

"Shem! Huyo si ng'ombe!"

"Mimi nimesema ni ng'ombe?"

"Mikono yako ndiyo imesema."

"Mwache," Jescah alisema, tumbo likimtikisika kwa kicheko. "Angalau nimepimwa. Daktari, na dawa ya minyoo utanipa lini?"

Wakahamia kwenye tabasamu. Bramwel alionyesha meno. Shantel alimwangalia, akasema hilo ni tabasamu la mtu anayeng'olewa jino. Akajaribu bila meno, na Jescah akasema sasa anafanana na mtu aliyemeza kidonge bila maji. Akajaribu mara ya tatu, ikawa mbaya kuliko zote mbili, na mazoezi yakaishia hapo kwa sababu hakuna aliyeweza tena kusimama kwa kicheko.

Asubuhi iliyofuata Jescah alikuwa jikoni akiosha vikombe kabla ya kwenda shuleni. Alifundisha watoto wa chekechea huko Lurambi, na wiki hiyo nzima walikuwa wakimwuliza kama amemeza mpira. Alipoinua macho dirishani alimwona mumewe nje, amekaa juu ya pikipiki ambayo hajaiwasha, kofia ya pikipiki imewekwa mapajani. Alikuwa ameinama kwenye kioo cha pembeni. Alitabasamu. Akakunja uso, hakuridhika. Akatabasamu tena, safari hii akiinamisha kichwa kidogo. Kuku wa jirani alisimama kumtazama. Bramwel akageuka huku na huku kuhakikisha hakuna mtu, akavaa kofia, akaondoka.

Jescah alijiziba mdomo kwa mkono wenye povu. Alicheka, ndiyo, lakini kicheko kilipokwisha alibaki amesimama pale na kikombe mkononi. Alikuwa amedhani mumewe amekubali kwa sababu ya wivu wa Oliver tu. Mtu asiyetaka jambo hafanyi mazoezi ya siri.

Kwa maana kulikuwa na kitu ambacho katika nyumba hiyo hakikufanyiwa utani. Mwaka juzi walikuwa wamepoteza mimba ya miezi minne. Bramwel, kwa furaha yake ya mapema, alikuwa amekwisha kununua blanketi dogo la manjano sokoni. Baada ya yale kutokea alilikunja, akalipeleka Iguhu, akampa mzee mmoja mwenye ng'ombe aliyekuwa na mjukuu mchanga. Hakulitaja tena. Na tangu mimba hii ya pili ianze, alimchotea mke wake maji, alimkumbusha vidonge vyake vya damu, alimkataza kuinua hata sufuria, lakini juu ya mtoto mwenyewe hakusema neno. Jescah akigusia majina, alijibu, "Tutaona." Akigusia nguo, alijibu, "Nguo hazikimbii." Jescah alimwelewa, akamwacha. Lakini kuelewa hakukumwondolea upweke.

Gauni lilifika Ijumaa mchana. Shantel alilikodi kwa mwanamke mmoja mjini, akalileta limefunikwa kwa plastiki. Lilikuwa la rangi nyekundu iliyoiva, la kitambaa laini cha kuteleza, lenye mikono mirefu na mkia wa kufunika meza mbili. Alikuwa ametaka la kijani, lakini Cherop, mpiga picha waliyepatana naye, alikataa kata kata. Msitu ni kijani, alisema, tumbo litapotea.

Walikuwa wamelitundika kwenye msumari wa ukutani, wanazunguka kulitazama, waliposikia mlangoni, "Hodi wenyewe!"

Jescah aliijua sauti. "Ni Mama," akanong'ona.

Alikuwa Pascalia, mamake Bramwel, ametoka Musanda bila kumwambia mtu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkulima wa miwa na kiongozi wa akina mama kanisani kwao, na alikuwa na uso mmoja tu kwa mambo yote: uso wa kuuliza. Jescah alimpenda na alimwogopa. Mama huyu aliwahi kumtazama mpwa wake aliyevaa nguo ya kubana akamwuliza, bila ubaya wowote, kama nguo ile alishonewa akiwa darasa la pili. Sasa angesemaje juu ya mkwewe anayekwenda msituni kuonyesha mimba kwa kamera?

Hapakuwa na wakati wa kuficha kitu. Pascalia alikuwa amekwisha kuingia, kuku mzima chini ya kwapa moja na mfuko wa mboga za mrenda mkononi. Aliwasalimia, akaliuliza tumbo limelalaje, kisha macho yake yakapanda ukutani.

"Na hii?"

"Pazia, Mama," Shantel akaropoka.

"Pazia."

"Ndiyo. Jescah anabadilisha pazia kabla mtoto aje."

Pascalia alimkabidhi Shantel kuku. Akasogea, akalishika gauni kwa vidole viwili, akakisugua kitambaa. "Kizuri," akasema, akaketi.

Alikunywa chai. Alizungumza juu ya mvua ya Musanda na juu ya trekta iliyokwama kwenye shamba la jirani ikiwa na miwa. Jescah alianza kupumua. Kisha Pascalia akaweka kikombe chini.

"Pazia halikai ukutani. Dirisha liko pale. Shantel, panda kiti ulitundike tuone."

"Mama, tutalitundika baadaye."

"Baadaye nitakuwa nimeenda. Panda."

Shantel akapanda. Hakuwa na la kufanya. Alivua pazia la zamani, akapitisha waya kwenye shingo ya gauni, akalitundika dirishani. Likaning'inia pale, kiuno kimekaa katikati ya kioo, mkia umemwagika sakafuni, mikono miwili imelala pande zote mbili. Pascalia alilitazama kwa makini, kichwa upande.

"Limekaa vizuri," akasema. "Ila hii mikono. Ni ya kupungia majirani?"

Jescah alijizuia kadiri alivyoweza. Tumbo ndilo lililomsaliti. Lilianza kutikisika peke yake, kisha mabega, kisha akaangua kicheko hadi akashika ukuta. Shantel, juu ya kiti, hakujua acheke au alie.

"Si pazia, Mama," Jescah akasema alipopata sauti.

"Eti?"

"Ni gauni. Kesho tunakwenda kupigwa picha. Mimi na Bramwel na tumbo."

"Najua," Pascalia alisema. "Alinipigia simu Jumanne."

"Ukatuacha tukatundika nguo dirishani?"

"Nilitaka kuona mtafika wapi." Uso wake haukubadilika hata kidogo. "Shantel, teremka, mwanangu. Kamfunge huyo kuku nje kabla hajachafua nyumba."

Shantel alipotoka, Pascalia alisogea karibu na mkwewe kwenye kiti kirefu. Sauti yake ikashuka.

"Alinipigia kuniuliza kama ni vibaya. Akasema, 'Mama, tukipiga hizo picha, halafu...' Akanyamaza. Alinyamaza mpaka nikadhani simu yake imezimika."

Jescah alitazama mikono yake.

"Nilikuwa namsikia akipumua," Pascalia akaendelea. "Nikamwambia, tumbo hilo limeonwa na soko lote la Kakamega na kanisa zima, na bado liko. Kamera haina meno. Tena nikamwambia, mimi nilipokuwa na mimba yako wewe, nilijifunika leso miezi yote kwa kuogopa macho ya watu, na bado ulitoka na sura hiyo. Kwa hivyo kujificha hakusaidii."

Jescah alicheka tena, lakini safari hii machozi yalitangulia. Pascalia alimpigapiga mgongoni kama anayemcheulisha mtoto.

"Usilie, utavimba macho na kesho kuna picha. Mimi pia nakuja. Nimebeba nguo yangu ya kanisa."

Jioni hiyo Bramwel alifika, akamkuta mama yake anajitayarisha kwenda Shirere kwa dadake, kwa maana kwao mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Walisalimiana kana kwamba hakuna simu iliyopigwa. Jescah naye hakusema kitu. Alitaka kwanza kupata maneno.

Jumamosi ilianza na jua kali, na Cherop alikuwa amewaonya kwamba jua kali la asubuhi Kakamega ni mkopo. Mvua huja kulidai mchana. Ilibidi watoke mapema. Shantel alimsuka dada yake, akampaka poda, akamvalisha gauni. Akavuta zipu ya mgongoni. Zipu ikapanda hadi katikati, ikagoma.

"Ingiza pumzi," akasema.

"Niingize wapi? Hakuna nafasi."

"Jana tulipolipima ilifunga!"

"Jana mtoto alikuwa mdogo."

Shantel alivuta, akasali, akavuta tena. Pascalia, aliyekuwa amefika na nguo yake ya kanisa ya buluu na kitambaa cheusi kichwani, alimsogeza kando. Akakifungua kile kitambaa, akakipitisha kwenye pengo la mgongoni, akakishikiza kwa pini alizozitoa kwenye mkoba wake, moja baada ya nyingine, kwa mikono isiyo na haraka.

"Mnapiga picha ya tumbo au ya mgongo?" akauliza.

"Tumbo."

"Basi mgongo unyamaze."

Wakati huo Bramwel alikuwa ametoroka kwenda kwa kinyozi. Hakueleza zaidi, alisema tu anakwenda kujiweka sawa. Aliporudi alisimama mlangoni katika shati jipya jeupe, akangoja kusifiwa. Shantel alikuwa na kitana hewani. Jescah alifungua mdomo, akaufunga.

Masharubu hayakuwepo. Yale masharubu aliyokuwa nayo tangu chuoni, ambayo Jescah aliyaona kabla ya kumwona mwenyewe, yalikuwa yamebaki sakafuni kwa kinyozi. Mahali pake palikuwa na ngozi tupu, yenye rangi hafifu kuliko uso uliobaki. Alionekana kijana wa kidato cha pili aliyeazima shati la babake.

Pascalia ndiye aliyesema kwanza. "Karibu, mwanangu. Umetumwa na nani?"

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Shantel alisema niwe nadhifu!"

"Nilisema unyoe nywele, shem. Ni nani alitaja masharubu?"

Jescah alikuwa amejitupa kitini. "Mtoto akikua akaona hiyo picha," akasema kati ya vicheko, "atauliza kwa nini mamake alipigwa picha na mwanafunzi wake."

Bramwel akajipapasa mdomo wa juu kwa huzuni. Kisha akacheka na yeye, kicheko chake cha kweli, kile ambacho kamera haikuwahi kukiona, na Jescah akawaza, laiti Cherop angekuwa hapa sasa hivi.

Cherop aliwasili na gari lake dogo lililojaa vifaa, wakajipenyeza ndani wote, mkia wa gauni umelazwa magotini mwa watu watatu, wakashika barabara ya Webuye. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache. Alipomwona Bramwel alimkagua uso mara moja, kisha akamwuliza Jescah, "Huyu ndiye baba?" Pascalia akamjibu kwamba wanachunguza bado.

Msituni Buyangu palikuwa na baridi. Miti ilikuwa mikubwa na mirefu, na juu kabisa mbega walikuwa wakirukaruka na mikia yao myeupe. Cherop alichagua mahali ambapo njia inapanuka na mwanga unashuka. Alimsimamisha Jescah, akautandaza mkia, akasogea nyuma, akapiga. Jescah alikuwa mwepesi. Alijua pa kuweka mikono, alijua kuinua kidevu. Shantel alishangilia kila picha. Kisha ikaja zamu ya wawili.

"Daktari, simama nyuma yake. Mshike."

Bramwel akasimama. Uso ukafunga.

"Legeza mabega."

Mabega yakapanda hadi masikioni.

"Daktari, usinitazame kama nimekuja kuchukua pikipiki yako. Mtazame mkeo. Ongeeni chochote, mimi nisahauni."

Cherop akarudi nyuma hatua kadhaa. Pascalia na Shantel walikuwa wameketi kwenye gogo mbali kidogo. Jescah aliona ndiyo nafasi. Hakugeuka, alisema akitazama mbele, kwa sauti ya chini.

"Mama aliniambia ulichomwuliza kwa simu."

Mikono iliyokuwa juu ya tumbo ilitulia kabisa.

"Mama hana siri," Bramwel akasema.

"Hata mimi naogopa. Ulidhani ni wewe peke yako?"

Bramwel alitazama chini, kwenye majani.

"Ndiyo maana nilizitaka hizi picha. Si kwa sababu ya Shantel. Yule wa kwanza hatuna kitu chake, Bramwel. Hakuna anayemkumbuka ila mimi na wewe. Huyu, lolote litakalokuwa, nataka paonekane mahali kwamba tulimngoja. Wote wawili."

Mbega mmoja aliruka tawi kwa tawi, majani yakadondoka. Jescah akahisi amekosea kusema. Kisha akasikia kidevu cha mumewe kikitua begani mwake, laini, bila masharubu.

"Nafula," akasema.

"Nini?"

"Kama ni msichana. Huwa namwita hivyo nikiwa kwa pikipiki. Namwambia leo tunakwenda kwa fulani, ng'ombe wake ana kikohozi. Nampigia hadithi njia nzima hadi Iguhu."

Jescah aligeuza kichwa kumtazama. "Umekuwa ukiongea naye? Mimi ndiye niliyembeba na hukuniambia?"

"Niliogopa kumwita nyumbani. Barabarani hakuna anayesikia."

"Na akiwa mvulana?"

"Wafula. Hapo sikuhangaika sana."

Jescah alicheka, na Bramwel akacheka, paji la uso wake shingoni mwa mke wake, na mikono yake ikiwa imelizunguka tumbo bila kupima chochote. Hawakumsikia Cherop. Alikuwa akipiga tu, amepiga goti kwenye majani, hasemi kitu.

Mvua haikuwapigia hodi. Walisikia kwanza sauti yake juu ya miti, kama watu wengi wanaokuja mbio, kisha ikawafikia. Shantel alipiga kelele kwamba gauni si lake, gauni ni la watu. Cherop alikumbatia kamera. Bramwel alivua koti alilokuwa amelivaa kwa baridi ya msitu, akamfunika mke wake, wakaanza kutembea kwa haraka ya mama mjamzito, ambayo si haraka sana. Naye Pascalia, kichwa wazi kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kazini mgongoni kwa mkwewe, aliinama, akauokota ule mkia mwekundu, akajitanda nao kichwani, akawafuata nyuma kwa mwendo wa maharusi.

"Mama, utalowanisha gauni!" Shantel akalia.

"Limelowa tayari. Mimi bado," Pascalia akamjibu.

Walijikinga chini ya paa la kibanda cha walinzi wa msitu, wamelowa, wamebanana, poda ya Jescah imechora mifereji mashavuni. Pini moja ilikuwa imefunguka inamchoma. Hakujali. Cherop aliifuta lenzi kwa ncha ya fulana yake, akawapiga hapo hapo, wote wanne, bila kumwambia mtu asimame vipi.

Nguo ilikauka na ikarudi kwa mwenyewe bila doa. Masharubu yalianza kuota tena, kwa taratibu iliyomuudhi Bramwel na kumfurahisha kila aliyemtembelea. Na wiki chache baadaye, siku moja ya jua kali, adhuhuri, bila wingu hata moja juu ya mji wa Kakamega, Jescah akajifungua msichana mwenye afya na sauti kubwa.

Pascalia alifika hospitalini siku hiyo hiyo. Alimpokea mtoto, akamfunua miguu, akamkagua vidole, akamfunika tena.

"Mnamwita nani?"

"Nafula," Bramwel akajibu. Alilisema kwa sauti ya kawaida, wodi nzima ikasikia.

"Nafula ni mtoto anayezaliwa wakati wa mvua. Angalia nje. Hata mbuzi wametafuta kivuli."

"Alishanyeshewa, Mama. Akiwa ndani."

Pascalia alifikiri. Alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe aliyekuwa anachungulia kutoka kwenye mto, amechoka, anangoja hukumu. Kisha akamwinamia mtoto.

"Haya basi, Nafula," akamwambia. "Hawa watu ndio wako. Mimi nitakuwa nakuja kuja."